Rollback iligoma wakati ndugu wa mwenzetu yuko kwenye chumba cha baridi

Wakuu, habari za humu.

Mimi ni msomaji wa siku nyingi. Napita, nacheka, naondoka. Leo nimefungua uzi kwa sababu kuna jambo limenikaa kifuani na nyumbani sina wa kumweleza. Mke wangu nikianza tu kutaja server anasema amechoka. Nitawaeleza lilivyotokea, bila chumvi na bila kujipamba. Majina ya watu nimebadilisha, mengine yote ni kama yalivyokuwa.

Niko Lubumbashi, Congo. Kiswahili changu nakinyoosha kidogo ili tuelewane, ila watu wangu wakiongea nitawaacha waongee kama tunavyoongea huku. Msianze kunisahihisha, sina hali hiyo leo.

Tuanze na kazi.

Ofisi yetu iko Golf. Anayeijua Lubumbashi atadhani tuna hela, maana Golf ni mtaa wa majumba. Sisi tumepanga kibanda nyuma ya jumba la mtu, palipokuwa chumba cha mpishi, na mbwa wa mwenye nyumba mpaka leo anatubwekea kama wezi.

Tuko wanne. Kuna Papa Ilunga, mwenye kampuni. Kuna Merveille, binti mwenye akili kali na mdomo mkali zaidi. Kuna Kazadi, fundi mkuu, aliyejenga mfumo wetu karibu wote peke yake. Na mimi, ninayeitwa mambo yakiharibika.

Tunachunga vyumba vya baridi. Depo za samaki, mabucha, na kliniki moja yenye mochwari. Ndani ya chumba tunaweka kipima joto, kinatuma namba kwenye cloud, yaani server za kukodi mtandaoni. Umeme ukikatika, na huku unakatika, mfumo unaona, unaamuru jenereta iwake, unamtumia mlinzi SMS. Umeme ukirudi, jenereta inazimwa. Mteja yeye analala usingizi wake.

Najua kuna mtaalamu atauliza kwa nini amri ya kuwasha jenereta itoke cloud, isitoke kwenye kifaa kilicho palepale. Swali zuri sana, mkuu. Wateja wetu walichagua vifaa vya bei nafuu, na sisi tulikubali kuviuza.

Sasa Kazadi.

Kazadi ni mtu wa Kasai. Alikuja huku kusoma, pale campus ya Kasapa, akamaliza, akapata kazi, akabaki. Miaka ikapita, akamleta mdogo wake Dieudonné, kitinda mimba wa mama yao, naye asome palepale. Mama alibaki Kasai. Huyo Dieudo alikuwa anakuja ofisini kwetu kutumia wifi. Kijana mrefu, mpole, anacheka kabla hujamaliza utani. Mimi nilimzoea.

Aliumwa homa. Wakasema malaria, wakampa dawa, akapata nafuu, kisha akazidiwa ghafla na akafa. Kazadi alikuwa naye kitandani mpaka mwisho.

Mama ilibidi aje kwa treni. Treni ya Kasai ninyi hamuijui. Inaondoka siku inayotaka, inafika siku inayotaka, na njiani inaweza kulala porini. Familia ikakaa, ikakubaliana kwamba hakuna kuzika mpaka mama afike amwone mwanawe usoni, aseme naye maneno yake ya kumuaga. Kwao hilo halina mjadala. Mzazi asiyeuona uso wa mwanawe, wanasema, hajazika.

Kwa hiyo maiti ilibidi isubiri. Kazadi angeweza kuiweka mahali popote, akachagua ile kliniki ya mteja wetu, upande wa Katuba. Siku ya kwanza ya msiba, ambao huku tunauita kilio, alituambia yeye mwenyewe tukiwa tumekaa chini ya turubai nyumbani kwake.

"Nilimuweka kule ku kliniki yetu. Système yetu njo inamuchunga. Atangoya mama bila shida."

Alisema hivyo kwa fahari kidogo, katikati ya machozi. Sisi tukaitikia.

Ilikuwa Ijumaa.

Jumamosi huku ni siku ya salongo. Ni desturi ya zamani: asubuhi kila mtu anafagia mbele ya kwake, anazibua mtaro, anakata majani. Papa Ilunga anaipenda salongo kuliko anavyopenda misa. Basi aliihamishia ofisini. Kila Jumamosi tukishamaliza kufagia ua, tunafungua kompyuta tunafanya salongo ya cloud. Tunafuta kila kisichotumika, server za majaribio, nakala kuukuu, takataka zote, kwa sababu cloud inakutoza hata kwa kitu kilichokaa bure.

Si wazo baya, wakuu. Tulikuwa tunalifurahia. Merveille alikuwa anajifunga kitenge kiunoni kabisa kabla ya kuanza kufuta, kama mtu anayekwenda kudeki.

Jumamosi ile Kazadi hakuwepo, bila shaka. Merveille akakutana na rundo la image zilizowekwa na Kazadi. Image, kwa wasiojua, ni programu nzima iliyofungwa kama furushi, tayari kuwashwa. Nyingine Kazadi alikuwa ameziandika "ancien", yaani ya zamani.

"Ya Kazadi iko na bintu mingi ya zamani humu," Merveille akasema; "Ya" huku ni kaka. "Tumupigie tumuulize?"

Papa Ilunga akamkazia macho. "Muntu iko ku kilio, mudogo yake hajazikwa bado, we unataka kumupigia juu ya image? Wazazi yako hawakukufundisha heshima?"

"Basi tufanye namna gani?"

"Angaria kama kuko moja inawaka. Kama hayiwake, futa."

Hakuna iliyokuwa inawaka. Image haiwaki, image ni furushi tu. Programu iliyotoka ndani yake ndiyo inayowaka. Mimi nilikuwa natazama kioo hichohicho na sikuliona hilo. Tukafuta, tukala mikate na chai, tukarudi kilioni kukaa na wenzetu.

Wanaolima watanielewa. Mahindi yameshaota shambani, wewe unaona mbegu zimebaki kwenye gunia pembeni, unazimwaga kwa sababu zinajaza nyumba. Mahindi hayaanguki siku hiyo. Shamba zima linaendelea kupendeza.

Jumatatu ndiyo tukafanya update.

Mtanicheka, lakini hata hiyo update tuliifanya kwa huruma. Lugha tuliyoandikia mfumo ilikuwa toleo la zamani, na wenye cloud walikuwa wametuonya kwamba linakaribia kuondolewa. Kazadi ndiye aliyekuwa amepanga kuhamisha. Tukasema jamani, huyu akirudi kutoka kilioni atakuta mzigo, tumpunguzie. Mabadiliko alikuwa ameshayaandaa, sisi tulikuwa wa kubonyeza tu.

Tukabonyeza.

Toleo jipya likawaka, likashindwa kujibu ukaguzi, mfumo ukaamua wenyewe kurudi nyuma. Hapo mimi sikushtuka hata kidogo. Rollback ndiyo inayonipa usingizi katika kazi hii. Nikatoka kwenda kununua muda wa maongezi barabarani, nikamtania hata muuzaji.

Niliporudi, Merveille hakuwa anaongea. Mnaomjua mtu wa maneno mengi mnajua akinyamaza maana yake nini.

Kwenye kioo palikuwa pameandikwa kwamba rollback imeshindikana.

Kwa wasio wa fani: update ikishindikana, mfumo unarudi ulikokuwa, unapata aibu kidogo, kesho unajaribu tena. Rollback ikishindikana, huna pa kusimama. Toleo jipya limeshazimwa kwa sababu ni bovu. Toleo la zamani linatakiwa kuwashwa upya kutoka kwenye furushi lake, na furushi mmelifuta Jumamosi mkiwa mmevaa vitenge. Zaidi ya hapo, mfumo unajifunga. Ukitaka kuupa update nyingine unakataa, unasema malizia kwanza kurudi. Na kurudi hauwezi.

Vyumba vyote vya baridi vikawa gizani kwetu. Hatuoni joto, hatuwezi kuwasha jenereta.

Mimi wazo la kwanza lilikuwa Dieudo. Sikulisema, lakini nilimwona Merveille naye ameshika mdomo.

Tukaanza kupiga simu kwa wateja mmoja mmoja, wawashe jenereta zao kwa mkono kama umeme hakuna. Mfanyabiashara mmoja wa samaki, mtu wa Kivu Kaskazini, alinitukana kwa Kifaransa, akarudia kwa Kiswahili nisije nikakosa kitu, kisha akaenda kukaa mwenyewe kando ya jenereta yake. Namshukuru. Samaki wake walipona.

Ikabaki kliniki.

Kliniki alikuwa anaishughulikia Kazadi. Namba ya mkuu wa pale na ya mlinzi wa mochwari zote zilikuwa kwenye simu yake, na ndani ya mfumo uliojifunga. Merveille akasema, sasa tumpigie tu. Papa Ilunga akakataa kabisa.

"Tutamwambia nini? Muntu iko analia mudogo yake, tumwambie système ilikufwa na mudogo yake iko ndani? Hapana. Tutengeneze kwanza."

Merveille akatafuta namba ya mapokezi ya kliniki, akaipata, akaweka simu kwa sauti tukasikia wote. Dada wa mapokezi alijibu kwa adabu kwamba umeme upo.

"Courant iko, madame. Balampe inawaka, ventilateur inazunguka. Hakuna probleme."

Tukashusha pumzi. Papa Ilunga akafanya ishara ya msalaba. Nilikuwa nimeshashika begi nipande taxi niende, nikaliweka chini.

Yule dada hakudanganya. Alichokiona ndicho alichokisema, na sisi hatukumwomba aende mochwari kuangalia. Kitu ambacho sisi watatu hatukukijua, na ambacho Kazadi alikuwa anakijua vizuri, ni kwamba kliniki ilikuwa imeweka paneli za jua kwa ajili ya wodi na mapokezi. Mochwari, iliyo nyuma kabisa ya uwanja, ilibaki kwenye umeme wa mji. Na umeme wa mji upande ule haukuwepo tangu asubuhi, transfoma ya mtaa ilikuwa imeungua. Mlinzi wa mochwari naye anafungua mlango pale tu inapoletwa maiti au familia inapokuja. Siku ile hakuja mtu. Yeye alikuwa amezoea kusubiri SMS yetu.

Ilikuwa msimu wa joto, kabla mvua hazijaanza.

Sasa niwaeleze tulivyouokoa mfumo, maana kuna watu watakuja kuuhitaji ujuzi huu na sitaki wapate shida niliyopata.

Kwanza tulijaribu kuuamuru uendelee na rollback palepale ulipokwama. Ukakwama tena. Hiyo ni kawaida kama chanzo hakijaondoka, msipoteze muda kubonyeza mara nyingi kama sisi.

Pili, Merveille akatengeneza image nyingine kutoka kwenye code, akaipa jina lilelile la ile iliyofutwa. Tukadhani sisi wajanja. Mfumo ukaikataa, kwa sababu haukuwa unaitafuta kwa jina peke yake, ulikuwa unaitafuta kwa alama yake ya ndani, na alama haifanani hata kama code ni ileile.

Muda wote huo umeme wa ofisini nao unakatika na kurudi, internet tunatumia ya simu, na kupandisha furushi moja kwenye cloud kunafika katikati kunakatika. Jioni Papa Ilunga akatuambia twende tukapumzike, akili zimechoka. Kabla ya kuondoka Merveille alipiga tena kliniki. Jibu likawa lilelile, taa zinawaka.

Jumanne asubuhi tukaamua kufanya tulichokuwa tunakiogopa. Unaweza kuuamuru mfumo uendelee na rollback huku ukikiruka kile kipande kilichokwama. Ukikiruka, mfumo unaandika kwamba kimerudi salama, wakati hakijarudi. Ni uongo, na ni uongo unaokubalika, kwa sababu unakufungulia mlango. Ila usisahau kwamba umeongopa. Lazima baada ya hapo urudi kwenye kile kipande ukitengeneze, la sivyo karatasi inasema kizima na chenyewe kimekufa.

Tukakiruka. Ukafunguka.

Kisha update mpya, ya kawaida, ikiwa na ile image aliyoitengeneza Merveille. Ikapita. Tukakaa tunatazama vyumba vikirudi kimoja kimoja kwenye kioo. Bucha ya kwanza, sawa. Depo za samaki, sawa. Papa Ilunga akaanza kutafuta wimbo wa kusifu.

Cha kliniki kikaja mwisho.

Namba iliyosomeka ilikuwa sawa na joto la nje.

Mfumo wenyewe ndio ulioendelea na kazi, ukaamuru jenereta ya kliniki, ikawaka mara moja, na joto likaanza kushuka taratibu mbele ya macho yetu. Ulikuwa mzima kabisa. Merveille alilia akiwa amekaa, mikono juu ya keyboard.

Nikachukua taxi mpaka Katuba. Mlinzi wa mochwari, mzee mmoja mwenye koti la kazi la kijani, alikuwa ameshaingia ndani aliposikia jenereta. Alinikuta getini. Nikamwambia mimi ni nani, nataka kumwona kijana wa familia ya Kazadi. Akasema nisiingie. Nikasema lazima niingie, kwa sababu nitakwenda kusema kitu kwa watu na siwezi kukisema kwa kusikia tu.

Akanifungulia.

Sitaandika nilichokiona.

Tulipotoka alinishika bega. "Papa, ita famille. Hii sanduku bafunge leo. Mama yake asione."

Kutoka pale mpaka nyumbani kwa Kazadi sikumbuki njia. Nakumbuka turubai, viti vya plastiki, akina mama wanaimba, sufuria la bukari, ugali wetu, linasongwa nyuma. Kazadi alikuwa amekaa kwenye kona ya wanaume. Papa Ilunga alikuwa amenituma kwa simu niseme ni transfoma. Ilikuwa kweli pia, transfoma iliungua. Lakini nilipokaa kando ya Kazadi nikamweleza yote, salongo, image, update, rollback, mapokezi ya kliniki, yote.

Nikiwa katikati, simu yake ikalia. Akaniinulia kidole, akaitika. Alikuwa mtu anauliza nyumba iko wapi. Akamwelekeza kwa upole, ukifika ku rond-point shika mukono ya kuume, utaona bâche ya bleu, yaani turubai la buluu. Akakata, akanigeukia nimalizie.

Nikamalizia.

Kisha akauliza, "Juu ya nini hamukunipigia?"

"Uko ku kilio, ndugu. Tuliogopa kukusumbua."

Akaitazama ile simu mkononi.

"Toka siku ya kwanza hii simu inalia. Benye kutoa pole, benye kuuliza njia, ata muntu wa kukodisha biti ya kukalia. Bote minabaitika. Paka nyinyi, nyinyi tu, njo hamukupiga." Akafuta uso kwa kiganja. "Ningesema musifute. Neno moja tu."

Hakunipigia kelele. Afadhali angenipigia kelele, wakuu. Afadhali angenichapa kofi mbele ya watu.

Wajomba zake walikwenda kliniki siku ileile. Walimkataza Kazadi asiingie. Sanduku likafungwa kwa misumari.

Mama alifika siku ya pili yake. Mwanamke mdogo wa umbo, vumbi la safari mpaka kwenye nyusi. Wakamshika mikono kumpeleka kwenye sanduku, akasimama, akangoja. Alikuwa anangoja walifungue. Walipomwambia halitafunguliwa alidhani hajaelewa Kiswahili chetu, akawauliza wajomba kwa Kiluba. Nao wakamjibu kwa Kiluba, na hapo akaelewa.

Hakulia. Alilizunguka lile sanduku akilipima kwa mkono wake, kutoka kidoleni mpaka kwenye kiwiko, kutoka kichwani kwa sanduku mpaka miguuni. Kisha akamwambia Kazadi, kwa Kiswahili, ili sote tusikie:

"Mutoto yangu iko murefu. Hii sanduku haiko yake."

Tulizika hivyo.

Nimalizie upande wa kazi. Papa Ilunga amefuta salongo ya cloud, sasa tunafagia ua tu. Merveille hafuti kitu mpaka aulize nani anakisimamia, hata kama mwenye nacho yuko harusini. Kila tunapoandaa update tunajaribu kwanza kurudi nyuma, kwa makusudi, kwenye mfumo wa mazoezi, tuone kama njia ya kurudi ipo. Na namba za kila mteja tunazo wote wanne. Hayo ndiyo mafunzo, yachukueni, hayana hati miliki. Rollback si ahadi ya mtu, ni njia, na njia inaweza kuwa imefungwa na wewe mwenyewe bila kujua.

Funzo lingine silo la kompyuta. Mtu akiwa msibani, usimwamulie kwamba hawezi kusikia. Mpigie. Atakuambia mwenyewe kama hawezi.

Kazadi alirudi kazini baada ya kilio kumalizika. Anakaa meza inayotazamana na yangu. Hajawahi kunirushia neno. Tunakunywa chai pamoja, tunabishana mpira.

Ila mama yake hajavaa nguo ya msiba mpaka leo. Anampigia Kazadi simu karibu kila wiki, na Kazadi anatoka nje kuongea, mbwa anambwekea. Tunasikia upande wake tu. "Mama, ni yeye. Mama, alikufwa mu mikono yangu." Anajua mama hamwamini. Anasema mama anamwona yeye kama mtoto anayemfichia jambo ili asiumie. Sokoni kwao wakisema wamemwona kijana mrefu anashuka kwenye lori, anakwenda kuuliza.

Wiki iliyopita mama aliuliza kitu kipya. Aliuliza kama kuna mtu asiye wa familia aliyemwona Dieudo kabla sanduku halijafungwa. Kazadi akamwambia yuko, ni mwenzangu wa kazini. Mama akasema, muniletee ule muntu. Nikisikia kwake, nitavaa nyeusi, nitalia, nitaacha kuuliza.

Kazadi ameniomba. Aliniomba kwa heshima, amesimama, kama mtu anayekuja kuposa. Twende wote Kasai, nimwambie mama yake kwa kinywa changu kwamba nilimwona Dieudonné mle ndani. Nimekubali, ningekataaje? Treni tunaingojea.

Ndiyo maana nimeandika, wakuu. Wataalamu wa cloud mnaweza kunisema mnavyotaka, nitawasoma. Lakini nawaomba zaidi ninyi mliowahi kuzika, wazazi, wachungaji, mashehe, yeyote. Niambieni nitakachomjibu yule mama akinitazama.

Kwa sababu nilimjua Dieudo, nimecheka naye mara nyingi. Na mlinzi alipolivuta lile shuka, sikumtambua.